Kupima madini tembo kwenye udongo wa mboga: tathmini ya huduma mbili za maabara

Kikundi chetu cha wakulima wa mboga kina vipande viwili vya ardhi pembezoni mwa bonde la mto Msimbazi, jijini Dar es Salaam. Kipande cha kwanza kiko chini, karibu na mto, na udongo wake ni mweusi na mzito, unaong'ang'ania jembe wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Cha pili kiko juu, kwenye mteremko wa upande wa Pugu, na udongo wake ni kichanga chenye weupe, mwepesi kulimika, usiokaa na maji. Humo tunalima mchicha, matembele, chainizi na figiri, na mboga hizo huliwa na watoto wetu kabla hazijafika sokoni. Kwa hiyo mnunuzi mmoja wa jumla alipotutaka tumwonyeshe vipimo vya metali nzito, ambazo wengi wetu tumezoea kuziita madini tembo, hatukuona kwamba ametusumbua. Tuliona ametuuliza jambo ambalo tulipaswa kujiuliza wenyewe zamani.

Katika muda wa miaka miwili tumetumia huduma mbili za maabara kwa kazi hiyo. Sitazitaja kwa majina, kwa sababu nia yangu ni kueleza huduma yenyewe ilivyo na nini mkulima adai anapolipia kipimo cha aina hii. Mimi ni katibu wa kikundi, nimechota sampuli kwa mikono yangu na nimezisoma ripoti zote mbili mstari kwa mstari.

Huduma ya kwanza ilikuwa ya haraka na ya bei nafuu. Tulipeleka mifuko miwili ya udongo, hatukuulizwa swali lolote, na baada ya siku chache tukapata karatasi moja yenye jedwali. Kipande cha chini kilikuwa na madini ya risasi miligramu 62 na kadimiamu, nayo metali nzito yenye sumu, miligramu 0.9 kwa kila kilo ya udongo. Kipande cha juu kilikuwa na risasi miligramu 28 na kadimiamu miligramu 0.4. Nilipopiga simu kuuliza maana yake, niliambiwa kwamba cha chini kina sumu zaidi ya mara mbili, hivyo tukiache na kuhamishia mboga zote juu. Tukatii. Msimu mzima familia kumi na moja zilibanana kwenye robo ekari ya kichanga, huku shamba lenye rutuba likiota magugu.

Karatasi ile haikuwa na uongo ndani yake, ila ilijibu swali ambalo si letu. Namba zile ni za jumla ya metali iliyomo kwenye udongo, na ili kuipata, maabara huchemsha udongo ndani ya mchanganyiko wa asidi ya haidrokloriki na asidi ya nitriki, sehemu tatu kwa moja, mchanganyiko wenye ukali wa kuyeyusha hata dhahabu. Mzizi wa mchicha hauna asidi ya namna hiyo. Mzizi hunywa kile kilichoyeyuka kwenye maji yaliyo kati ya chembe za udongo, pamoja na kile kilichoshikiliwa kwa ulegevu kwenye uso wa chembe hizo kiasi cha kuachia kwa urahisi. Metali iliyofungiwa ndani ya madini ya mwamba, au iliyong'ang'aniwa na mboji na oksidi za chuma, imo kwenye udongo, inahesabika kwenye jedwali, lakini inaweza isifike kwenye jani. Kwa hiyo ripoti inayotaja jumla peke yake, bila kueleza udongo huo ni wa namna gani, humwacha mkulima akikisia. Sisi tulikisia vibaya, na tulifanya hivyo kwa ushauri tuliokuwa tumeulipia.

Huduma ya pili tuliipata kwa kuelekezwa na bwana shamba wa kata. Tofauti ilianza kuonekana kabla hata ya kuchota udongo. Mtaalamu alikuja mwenyewe, akamsalimu mweka hazina wetu, "Shikamoo mzee," kisha badala ya kuuliza sampuli ziko wapi, akauliza, "Huku juu mnatia mbolea gani, na kwa miaka mingapi?" Mzee akajibu kwamba ni SA (salfeti ya amonia), kila msimu, tangu mwanzo. Yule kijana akaandika, akauliza pia kama bonde hufurika, barabara iko umbali gani na samadi tunaitoa wapi, na akaomba aone mfuko wa mbolea ya fosfeti. Alieleza kwamba miamba ya fosfeti huwa na kadimiamu ya asili, kwa viwango vinavyotofautiana sana kati ya machimbo na machimbo, na kwamba Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2022 umeweka kikomo cha miligramu 60 za kadimiamu kwa kila kilo ya fosfeti iliyomo kwenye mbolea.

Uchotaji wenyewe ulikuwa somo. Nilikuwa nimeandaa ndoo ya bati, akaikataa kwa upole, kwa kuwa bati limepakwa zinki, na zinki kidogo tu ikikwaruzika inatosha kuharibu kipimo. Tulitumia ndoo ya plastiki na koleo ya chuma kisichoshika kutu. Tulitembea kwa mshazari, kwenda na kurudi, tukichota udongo wa kina cha sentimita 20 sehemu kumi na nane za kila kipande, tukachanganya, tukagawanya mafungu manne, tukatupa mawili yanayotazamana, na kurudia hivyo hadi ikabaki kama kilo moja. Udongo ulianikwa kivulini, si juani, kisha ukachekechwa kwa chekecheo la milimita 2. Pamoja na udongo alichukua mchicha uliokomaa kutoka kila kipande (chini tulikuwa tumebakiza matuta mawili), na akatuambia kwamba nusu ya majani yataoshwa kabla ya kupimwa na nusu hayataoshwa. Sababu ya jambo hilo nitaieleza baadaye kidogo.

Ripoti ilipokuja, ukurasa wa kwanza haukuwa na metali hata moja. Ulikuwa unaueleza udongo: uchachu kwa kipimo cha pH, kiasi cha mboji, uwiano wa mchanga na mfinyanzi, na uwezo wa udongo kushikilia chembe zenye chaji chanya. Kipande cha chini kilikuwa na pH 7.1, mfinyanzi mwingi na mboji ya kutosha. Cha juu kilikuwa na pH 5.2, mchanga mtupu karibu wote, na mboji haba. Kwa asiyezoea, tofauti ya 7.1 na 5.2 huonekana ndogo, lakini namba ikishuka uchachu hupanda, na kila hatua moja ya kipimo hiki ni mara kumi, kwa hiyo udongo wa juu ulikuwa na uchachu karibu mara 80 ya ule wa chini.

Ukurasa wa pili ndio ulionifanya niketi chini. Jumla za risasi na kadimiamu zilikaribiana sana na zile za maabara ya kwanza. Pembeni yake, hata hivyo, kulikuwa na safu nyingine: kiasi kinachoweza kufyonzwa na mmea, kilichopatikana kwa kutikisa udongo kwa saa mbili ndani ya maji yenye kemikali ya DTPA, ambayo hunyakua metali zilizoshikiliwa kwa ulegevu na kuziacha zilizofungwa. Kadimiamu ya namna hiyo ilikuwa miligramu 0.08 kwa kilo katika kipande cha chini, na 0.17 katika kipande cha juu. Kipande chenye kadimiamu nusu ya mwenzake kilikuwa kinaachia mara mbili yake. Majani yalithibitisha: mchicha wa chini ulikuwa na kadimiamu miligramu 0.11 kwa kilo ya mboga mbichi, na wa juu 0.26, wakati kikomo cha Codex, tume ya viwango vya vyakula ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na afya (WHO), kwa mboga za majani ni 0.2. Msimu mzima tulikuwa tumewahamisha watoto wetu kutoka kwenye mboga salama kuwapeleka kwenye mboga isiyo salama.

Sehemu bora kuliko zote katika huduma hii ilikuwa kikao cha maelezo, ambacho kimo ndani ya bei. Mtaalamu alikata chupa mbili za plastiki za maji, akazigeuza midomo chini, akaziziba kwa pamba, akajaza moja udongo wa juu na nyingine udongo wa chini. Kisha akamimina katika kila moja glasi ya maji yenye rangi ya buluu ya maabara, rangi ambayo chembe zake zina chaji chanya kama zilivyo chembe za kadimiamu, risasi, zinki na shaba zinapoyeyuka. Kwenye chupa ya kichanga, matone yalitoka upesi, ya buluu iliyofifia kidogo tu. Kwenye chupa ya udongo mweusi tulisubiri hadi mama mmoja akadhani umeziba, na tone lilipotoka lilikuwa jeupe kama maji ya mtungi. Rangi yote ilikuwa imebaki ndani. Hakuna maelezo ya maneno ambayo yangefanya kazi ile kwa wanakikundi wetu.

Baada ya hapo maneno yalieleweka. Uso wa mfinyanzi na wa mboji una chaji hasi, na hushikilia chembe zenye chaji chanya. Si kila mfinyanzi una nguvu sawa. Mfinyanzi wa aina ya kaolini, ule mweupe ambao Pugu inajulikana kwa hazina yake kubwa, hushikilia sentimoli (kipimo cha wingi wa chaji) 3 hadi 15 tu kwa kilo, ilhali mfinyanzi unaovimba na kupasuka wa ardhi nyeusi za mbuga unaweza kufika 80 hadi 120, na mboji iliyoiva ikapita 200. Uchachu unapoongezeka, chembe za haidrojeni hugombea nafasi hizo na kuzisukuma metali zirudi kwenye maji, na wakati huohuo chaji hasi ya mboji na ya oksidi za chuma hupungua. Uchachu wa shamba letu la juu tuliutengeneza wenyewe: amonia iliyomo kwenye SA hugeuzwa na vijidudu vya udongo kuwa naitreti, na kazi hiyo huacha asidi nyuma yake. Mchanga hauna cha kuikinga.

Metali nazo hazifanani tabia. Kadimiamu ndiyo nyepesi kuponyoka, tena mboga za majani huibeba hadi juu. Shaba hupenda mno mboji. Risasi hushikwa kwa nguvu na karibu kila kitu, mboji, oksidi za chuma na fosfeti, kiasi kwamba hata palipo na risasi nyingi ni kidogo sana inayopanda kupitia mizizi. Hapo ndipo majani yaliyooshwa na yasiyooshwa yalipopata maana. Risasi kwenye mchicha wa chini usiooshwa ilivuka kikomo cha Codex cha miligramu 0.3 kwa kilo. Uliooshwa ulikuwa chini yake kwa mbali. Haikuwa imepitia kwenye mzizi, bali ilikuwa vumbi na matope yaliyorukia kwenye majani wakati wa kumwagilia. Nchi za kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi mwanzoni mwa mwaka 2006, lakini risasi iliyotua kando ya barabara kabla ya hapo haikuondoka, kwa sababu ileile ya kushikwa na udongo wa juu. Ushauri ulikuwa mwepesi: tutandaze nyasi kavu kati ya matuta, tumwagilie chini ya majani, na tuoshe mboga mara mbili kwa maji safi kabla ya kufunga mafungu.

Kwa shamba la juu tulielekezwa kutia chokaa ya kilimo kwa kiwango cha tani 2 kwa hekta, ambayo kwa robo ekari yetu ni kama kilo 200, pamoja na mboji iliyoiva, na kuachana na SA. Napenda kwamba ripoti ilitaja pia mahali pa kusimama. Tulionywa tusipitishe pH 6.5, kwa kuwa zinki, ambayo mmea unaihitaji, nayo hufungwa udongo unapopoteza uchachu, na zinki ikipungua mmea huongeza kunyonya kadimiamu. Tulionywa pia kwamba chokaa haifai kila mahali. Sumu nyingine, aseniki na kromiamu ya aina iliyo kali, hukaa kwenye maji ya udongo zikiwa na chaji hasi, hivyo kupunguza uchachu huziachia badala ya kuzifunga. Ndugu zetu wanaolima karibu na machimbo ya dhahabu, ambako aseniki mara nyingi huandamana na mwamba wenye dhahabu, wasiige chokaa yetu bila kupima.

Nina malalamiko, na ni ya msingi. La kwanza ni la kitaalamu. Kipimo cha DTPA kilichapishwa Marekani mwaka 1978 kwa ajili ya udongo usio na uchachu na wenye chokaa, kikilenga upungufu wa zinki, chuma, manganizi na shaba, na maji yake hushikiliwa kwenye pH 7.3. Ukikitumia kwenye udongo wa pH 5.2, unaupima udongo huo ukiwa umeondolewa kwanza uchachu ambao ndio chanzo cha tatizo. Kwa kipande chetu cha juu ingefaa zaidi kutumia chumvi hafifu ya kalisi kloraidi, ambayo huuacha udongo karibu na uchachu wake wa asili. Nilipouliza, mtaalamu alikubali bila kubisha, akasema maabara yao ina utaratibu mmoja kwa sampuli zote. Majani yalituokoa, lakini kama tusingepima majani, safu ile ingeweza kutueleza hatari ndogo kuliko iliyopo.

La pili ni maji. Hawakuuliza tunamwagilia kwa maji gani. Kisima cha shamba la juu kina maji ya chumvi, kama visima vingi vya jiji hili, na kloraidi iliyomo kwenye chumvi hushikana na kadimiamu, ikaipunguzia chaji yake, hivyo udongo hauikamati vizuri na mzizi huipata kwa wepesi zaidi. Kwa ukanda wa pwani, hili ni swali la kuulizwa siku ya kwanza. Vilevile ripoti haikueleza mafuriko yanafanya nini kwenye bonde. Udongo uliojaa maji hukosa hewa, kadimiamu hushikana na salfaidi (aina ya salfa inayojitokeza pasipo hewa) na kutulia, wakati aseniki huachiwa na oksidi za chuma zinazoyeyuka. Udongo ukikauka mambo hugeuka. Katika bonde la mto Jinzu, mkoa wa Toyama nchini Japani, ambako kadimiamu ya mgodi wa Kamioka iliingia kwenye mashamba ya mpunga na kusababisha ugonjwa wa mifupa uliotambuliwa rasmi na serikali mwaka 1968, somo hili lilijulikana kwa gharama kubwa mno. Mkulima wa bondeni anastahili walau aya moja juu yake.

La tatu ni lugha. Ripoti nzima, kurasa sita, iliandikwa kwa Kiingereza. Nilikaa usiku mbili kuitafsiri ili wenzangu waisome, na sioni kwa nini maabara inayohudumia wakulima wa Dar es Salaam isitoe hata ukurasa mmoja wa Kiswahili. Kuchelewa nako kulituumiza: tuliahidiwa siku kumi za kazi, tukasubiri zaidi ya mwezi, na msimu haukutusubiri. Kuhusu bei, sampuli moja ya udongo yenye vipimo vyote ilitugharimu karibu sawa na mifuko miwili ya mbolea, na mboga zikalipiwa kando. Ni fedha nyingi kwa mtu mmoja, lakini tulipochangishana kumi na moja, kila familia ilitoa kiasi inachoweza kukipata kwa mauzo ya siku chache za mchicha.

Tulitia chokaa mwanzoni mwa vuli, tukaichanganya na udongo kwa jembe, tukaongeza mboji, na baada ya miezi sita tukarudia kipimo kwa maabara ileile. Shamba la juu sasa lina pH 6.3. Jumla ya kadimiamu ni ileile, miligramu 0.4 kwa kilo, kwa sababu hakuna tulichokiondoa. Kwenye jani la mchicha imeshuka kutoka 0.26 hadi 0.15. Kipande cha chini tumekirudia chote, tumetandaza nyasi, na mnunuzi amepokea karatasi yake.

Huduma ya kwanza sitaitumia tena, hata ikishusha bei. Hii ya pili nitaitumia na kuwaelekeza wengine, kwa sharti kwamba mkulima aseme mapema anataka kalisi kloraidi kama udongo wake una uchachu, apeleke na chupa ya maji ya kumwagilia, na asikubali kupimiwa udongo bila jani. Chupa yetu ya maji ya kisima imeshajazwa, imeandikwa tarehe, na itaondoka na sampuli za awamu ijayo masika yakiisha na bonde likikauka.